Gitaa la Sanduku la Chai

Nelima, babu Absalom amenisimulia kisa sasa hivi, bado siamini!

1956, Ruiru. Babu aliunda gitaa kwa mbao za sanduku la chai. Musau wa Thika, mwenye gitaa la kiwandani, akamcheka mbele ya harusi nzima: "Absalom, hilo si gitaa, ni sanduku la chai!"

Sanduku la chai, Nelima!! Babu akaliweka neno hilo moyoni.

Kiangazi, gitaa la Musau likapasuka mbele na nyuma. Akampelekea nani? Babu! Babu akabadilisha mbao zote mbili, akapaka vanishi, kimya.

Harusi iliyofuata Musau akalicharaza, watu wakashangilia. "Mnasikia gitaa la kiwandani?"

Babu akasimama. "Chungulia ndani ya tundu, utusomee maandishi."

Musau akachungulia. Akaliziba tundu kwa kiganja.

Basi babu akamsomea kwa sauti: "Majani ya chai, ratili mia."