Wiski ya Lerato Kutoka Japani

Jumapili, 6 Julai 2025

Baridi kali hapa Bertrams. Sikwenda misa. Baba Lerato hakutaka uji, hakutaka supu — alitaka chupa. Si kuinywa! Kuitazama tu. Nikampa, akaipakata kama mtoto.

Lerato aliituma kwa mkono wa mwalimu mwenzake. Wiski ya Japani, toleo la kwanza la kiwanda kidogo cha mji ule anakofundisha Kiingereza. Chupa chache, wanunuzi tele, ikabidi ichezwe bahati nasibu. Jina lake likatoka. Ilitiwa mapipani mwaka uleule aliotuaga. Miaka minane! Na hajarudi hata mara moja.

Baba yake akaapa: haifunguliwi mpaka Lerato aingie mlango huu. Sasa koo lina uvimbe, na Lerato hajui. Nimekatazwa kusema.

Jumatano, 9 Julai

Leo hospitalini daktari kaniita pembeni. Turudi nyumbani, hana la zaidi. Nimelia chooni, nikanawa, nikatoka natabasamu kama mjinga.

Jioni Lerato akapiga. Kamsimulia baba yake habari za kiwanda: kila mwaka wiski hupungua ndani ya pipa, inapotea hewani, na wenyewe husema malaika wamechukua fungu lao. Baba Lerato akajitazama mikono, mifupa mitupu. Akasema basi na mimi wameshaanza kuninywa. Lerato akacheka sana.

Nikashindwa kuvumilia. Nimeingia jikoni, nikampigia, nikamwambia yote. Halafu akauliza kwa Kiingereza chake, kwa nini mmenificha?

Ijumaa, 11 Julai

Kapata ndege! Jumatatu asubuhi yuko hapa. Nimemwambia baba yake, hakunigombeza. Kauliza leo ni siku gani. Baadaye kidogo kauliza tena.

Jumapili, 13 Julai

Wifi Nomvula kaja mchana kutoka mtaa wa Kensington na impepho, yale majani yao ya kufukiza. Anataka kusema na wazee wa ukoo, kaka yake apewe nguvu. Wazee lazima wamwagiwe kinywaji pale kwenye kona. Nikampa brandi ya kabatini. Akakataa. Makoti — eish, ananiita bibi harusi mpaka leo, na mvi zote hizi! — makoti, wanapewa kile anachokipenda mgonjwa. Leta ile ya Japani.

Nikawaka. Nikamwambia hiyo ni ya Lerato, haigusi mtu wala mzimu. Nikaificha nyuma ya cherehani. Tukanuniana.

Sauti ikatoka chumbani, imekwaruza: Hedwiga, fungua.

Nikasema Lerato yuko njiani, ni kesho tu. Akasema najua. Wape wazee, wamfungulie mtoto njia. Na mimi nipake mdomoni.

Nilijua ananiambia nini. Kuifungua ni kukubali kwamba yeye hataiona kesho. Sikutaka! Nimekaa na chupa mapajani, nimemkasirikia kama siku za ugomvi wetu kule Morogoro, alipokuwa mkimbizi kutoka huku kwao na mimi binti wa watu. Kisha nikavunja lakiri.

Harufu ikashinda hata moshi wa impepho. Tamu, nzito, kama ubani kanisani. Wifi akamwaga kidogo kwenye kona, akataja majina ya wazee, akalia. Nami nikachovya kidole, nikampaka mume wangu midomoni. Akalamba. Kali, akasema. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa kaniegemea, naandika kwa mkono mmoja. Pumzi inakuja, inakawia, inakuja. Wifi anasali kwa Kizulu.

Simu. Lerato! Yuko Doha, anangoja ndege ya pili. Anauliza hali ya baba. Anauliza chupa — hamjaifungua, sivyo?

Nimesema bado, mwanangu. Tunakungoja wewe.

Kaniomba niweke simu sikioni kwa baba yake. Nimeiweka. Naisikia sauti yake, anaongea Kiswahili — Kiswahili, ambacho tangu utotoni alikuwa anakielewa tu na kutujibu kwa Kiingereza! Baba, ningoje. Baba, ningoje kidogo. Anarudia hayohayo, na mimi natazama kifua cha baba yake, kimetulia, na simu siwezi kuiondoa