Miti Yako Minne Tumeipikia Maharagwe

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kisiki cha sapini yako ya pili, ile iliyokuwa ikipinda kuelekea kwa jirani. Najua ulikataza hata kuanika nguo pale. Leo nimekaa, na miguu nimeinyoosha.

Unakumbuka miti hii ilivyofika? Mwaka ule bendera ilipobadilishwa, mzungu uliyemtunzia bustani alifunga masanduku yake akarudi kwao, akakuachia miche minne ya sapini, miti yao ya Noeli, ndani ya makopo ya maziwa. Uliipandisha hadi kwetu Musaga kwa baiskeli, wewe ukisukuma, mimi nikishikilia nyuma. Mama alitaka mparachichi, kitu cha kuliwa. Ukamjibu, "Muzungu amekwenda, Noeli yake imebaki kwetu," ukacheka hadi kofia ikaanguka. Baba mdogo, ndugu yako, alikuwa ameshuka kutoka mlimani kututembelea. Ndiye aliyechimba mashimo manne nyuma ya jiko. Asubuhi moja tu ya jembe, baba. Kumbuka hilo.

Kila Noeli niliomba tawi moja. Kila Noeli ulisema, "Apana. Muti haukatwe mukono." Nilikuchukia siku moja kwa mwaka, kisha uliniletea mkate wa mjini, yakaisha.

Tulipokuzika, baba mdogo hakungoja udongo ukauke. Aliweka kiganja juu ya mti akamwambia mama: "Shemeji, mwenye miti ndiye mwenye kiwanja. Mashimo nilichimba mi. Siku ya kuganduka nitaleta wazee, waone." Wewe unajua kwetu siku hiyo ya kumaliza matanga ndiyo siku ya kusema nani anabaki na nini. Na karatasi ya kiwanja ilikuwa na jina lako peke yako. Mama aliyebeba kila tofali la nyumba hii kichwani hakuwa ameandikwa popote.

Baba mdogo alipopanda tena mlimani, nilikwenda Jabe kwa seremala nikaazima msumeno mrefu. Mama aliutazama mpini hadi mpini.

"Musumeno si kazi ya mwanamuke moja," akasema. "Ndiyo maana iko na mipini mbili."

Akakaza kitenge, akashika upande wake.

Hatukuwa mafundi, nisikudanganye. Mti wa tatu uliangukia jiko ukakunja mabati mawili. Nililia, lakini sikuacha kuvuta. Utomvu ulinigandia mikononi wiki nzima, na mikono yangu ikawa inanuka kama shati lako la kazi. Hapo nilikaribia kujuta. Lakini kuni hazipasuliwi kwa majuto, kwa hiyo nilichukua shoka.

Tuliziacha zikauke kiangazi chote. Majirani walituonya kwamba kuni za sapini zinatoa moshi mwingi, zinarusha cheche, zinaharibu chakula. Kweli tupu. Siku ya kuganduka tuliweka sufuria kubwa ya maharagwe juu ya mafiga, tukachochea kuni za miti yote minne.

Baba mdogo alifika na wazee wake wawili, akakaa mbele ya nyumba, akala kwanza, maana madai ya urithi hayasemwi na njaa. Akatafuna polepole.

"Shemeji, maharagwe haya mbona inanuka sapini?"

Mama alikuwa amesimama na mwiko. "Kula, shemeji. Ni ile miti yako. Yote ine iko mu sahani."

Aliinuka akaenda nyuma ya jiko. Aliporudi, mzee mmoja alikuwa ameshanyoosha sahani aongezwe. "Sasa utatuonyesha nini," akamuuliza, "mashimo?" Watu walicheka. Mtu aliyeshiba kuni zako hana hamu ya kusikiliza shauri lako. Baba mdogo alichukua kofia yake, na mpaka leo hajarudi.

Sijui kama sheria ilikuwa upande wetu. Najua tunalala ndani ya nyumba yetu. Watu wanasema nimekuvunjia heshima, na wengine wananiita mwana wa shoka. Waniite. Nakupenda, baba, na ninapopita kwenye bustani za mjini bado natafuta mgongo wako kati ya maua. Lakini sikuombi msamaha. Ungeandika jina la mama kwenye ile karatasi, miti yako ingekuwa imesimama.

Pumzika sasa. Ile sufuria imebaki nyeusi kwa moshi wa sapini. Juzi jirani aliichukua aisugue kwa majivu, mama akamnyang'anya.

"Iache hivyo," akasema. "Hiyo ndiyo karatasi yangu."

Binti yako,
wa mpini wa pili