Jina Nililoacha Kuliita

Jumatatu, 7 Julai

Baridi. Nimeamka, nimewasha moto, nimechemsha maji ya mtoto, nimekoroga uji wa Editha. Ndiyo nikaenda kwenye tofali. Kumhudumia binti aliyejifungua ni kazi ya mama. Mama yake tumemzika mwaka jana. Kwa hiyo ni mimi.

Editha ni binti yangu. Kaja kujifungulia hapa Msamala, maana mtoto wa kwanza anazaliwa kwa wazazi. Mumewe yuko Mbinga, anachuma kahawa za watu.

Mtoto wa kike. Jina hana bado. Analia sana.

Jumanne, 8 Julai

Nimefyatua tofali mpaka mgongo umekataa. Nimerudi, Editha yuko kwenye simu anatafuta jina. Anataka ambalo Songea nzima hakuna. La kwanza alilopata ulimi wangu ulilishindwa. Dada yangu Paskalia akamuuliza, "Hilo jina au dawa ya mswaki?" Nimecheka. Siku nyingi sijacheka.

Mwishoni kachagua Jeilini. Haya.

Dada yeye anasema mtoto analia kwa kuwa anataka jina la marehemu. Akamtajia la mama yetu. Akamtajia la bibi. Mtoto akaendelea kulia. Dada akanitazama. Nikatoka kwenda kupasua kuni. Kuni zilikuwa zimeshapasuliwa.

Alhamisi, 10 Julai

Editha kaenda kliniki, karudi kanuna. Nesi kaita Jeilini, wakasimama mama watatu. Mmoja wa Lizaboni anasema mtaani kwao yuko na mwingine. Dada akasema, "Si ulisema Songea nzima hakuna?" Editha hakucheka.

Jioni kanikalisha. Anataka kumpa mtoto jina la marehemu mama yake.

Zamani alilionea aibu. Shuleni walimcheka, mama yako ana jina la masista wazee. Lilitoka kwa mapadri wa zamani. Ukizaliwa unapewa mtakatifu wa siku hiyo, jina liwe jepesi liwe zito. Siku hizi hakuna anayempa mtoto jina kama hilo.

"Nani mwingine analo, baba? Nitajie mmoja."

Hakuna. Nimesema hapana.

Kwetu mjukuu wa kwanza anapewa jina na babu. Babu asipotamka, jina halikai. Editha anajua.

Ijumaa, 11 Julai

Sijalitamka tangu makaburini. Hata hapa sijaliandika. Nikiliita, atakayeitika siyo yeye. Sitaki. Ndiyo hivyo tu.

Mtoto kalia kutwa. Nimembeba, nimemwimbia hovyo. Nikamwambia nyamaza mke wangu, kama babu yeyote anavyomtania mjukuu wa kike. Nikanyamaza mimi.

Katekista anataka jina kesho. Ubatizo Jumapili. Editha kasema nisipotoa jina habatizi, anamfuata mumewe Mbinga, mtoto hivyohivyo bila jina. Kaanza kufunga nguo kwenye kitenge. Katoto kale kwenye basi, na baridi hii. Nimemwambia afanye atakavyo. Nimechoka.

Jumamosi, 12 Julai

Dada kaja asubuhi, hata salamu hakutoa.

"We mwanaume, umeling'ang'ania hilo jina kama shamba lako. Editha naye kafiwa. Alikuwa mama yake!"

Mwaka mzima nilijua aliyefiwa ni mimi. Editha nilimwona anapika, anafua, nikadhani yamekwisha.

Editha alikuwa kakaa juu ya kifurushi chake, mtoto analia mapajani. Nikanawa udongo mikononi. Nikamchukua mtoto.

Kunigunda.

Nikarudia. Kunigunda.

Mtoto hakunyamaza. Kalia vilevile, halafu kajamba, kalala. Dada akapiga kigelegele. "Umeona? Alikuwa analitaka!" Nikamwambia ilikuwa hewa ya tumbo. Akasema mimi ni mbishi tangu utoto.

Editha kafungua kifurushi. Mimi nimelia nyuma ya choo. Basi.

Jumapili, 13 Julai

Amebatizwa. Padri ni kijana, kauliza mara mbili. Jina gani? Editha akalisema kwa sauti, kanisa zima likageuka. "La mama yangu, padri." Alivyosimama, shingo juu, kama mama yake akibishana sokoni.

Viatu vimenibana. Nimelala mchana.

Jumatatu, 14 Julai

Tanuru limepangwa. Kesho tunalikandika udongo, keshokutwa moto. Mikono imepasuka, nimepaka mafuta ya kula.

Nimefika mlangoni nimeita Kunigunda, kama zamani nikitoka kazini. Zamani ilitoka abee kule jikoni. Leo mtoto kapiga chafya.

Nimeingia. Nimebandika maji yake.