Kiraka cha Pazia la Sine

Kalemie, 12 Agosti 2024

Papa mupendwa,

Nakusalimia sana kutoka huku ziwani. Habari ya Kabalo? Na lile goti, bado linakusumbua asubuhi? Huku sisi wazima, Mungu anasaidia. Barua hii nampa Mama Annie anayepanda treni kesho, kwa sababu neno lililo ndani haliwezi kusemwa kwa simu.

Papa, ile sine, nyumba ya filamu uliyofanyia kazi ya kuvuta pazia, imefufuka! Najua hupendi hata kuisikia, tangu walipokufukuza pale wakikuita mwizi. Lakini nisikilize. Mama Louise wa korali alisema kikundi chetu cha teatre kimechoka kuigiza juani, akaingia mule na ufagio, popo wakimurukia kichwani. Watu wakamucheka. Kesho yake walikuja makumi mbili, kila muntu na ufagio wake. Halafu Ruffin seremala akatangaza kwenye radio kwamba mwenye kiti cha sine nyumbani akirudishe, hataulizwa kitu. Ee Papa, viti vilikuja kwa baiskeli, kwa pikipiki, kimoja kikatoka Zongwe ndani ya mutumbwi! Hata katekista mumoja alileta vitatu, akiangalia pembeni.

Mimi walinipa kushona pazia jipya, jekundu. Chini, kona ya kushoto, nikatia kiraka cha kitambaa kilichopauka. Wote waliniuliza ni cha nini. Nikawaambia wangoje siku ya kufungua.

Papa, ni mimi mwenyewe nilikata pazia la zamani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kwenye masomo walinipa kucheza mufalme siku ya Noeli, na mufalme hakuwa na joho. Nilikuletea chakula kazini, ukaenda kunawa, mukasi wa marehemu Mama ulikuwa ndani ya kikapu. Kesho yake patron, mwenye sine, akasema umeuza kitambaa. Niliogopa, nikakificha ndani ya sanduku, sikukivaa hata siku moja. Ukahamia Kabalo na haya isiyo yako, na mimi nikanyamaza. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa miaka makumi tatu na tano. Nisamehe, Papa. Moyo unaniuma sana.

Jana, siku ya Mungu, misa ilipoisha, sine ilijaa mpaka mulangoni. Nilipanda jukwaani, nikashika kile kiraka, nikasema yote, nikataja jina lako: Papa Ghislain hakuiba hata uzi. Halafu wazee wakasimama, wakapiga makofi, wakasema pazia lisivutwe na muntu mwingine ila wewe. Basi tukacheza mbele ya pazia, limefungwa vilevile, tukibanana kwenye ubao mwembamba, Ruffin akaanguka mara mbili! Watu walicheka mpaka machozi.

Mama Louise anakusalimia, na wajukuu wako wanakuulizia kila siku. Panda treni, Papa. Kamba ya pazia iko upande uleule wa kuume, na hakuna aliyeigusa.

Mutoto wako, mwenye mukasi,
Éliane