Vitenzi vya Kumleta Bonge

3 Machi

Shangazi, shikamoo. Mgongo umekuachia? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Mtihani wa kusema Kifaransa ni mwisho wa mwezi ujao, na bila cheti watu wa uhamiaji hawanipi ruhusa ya kumleta mwanangu Bonge huku ugenini. Mwalimu wa jioni anasema nasoma vitenzi kama mtu anayejikwaa mlangoni. Wewe umefundisha lugha hii mpaka ukastaafu, nisaidie. Ananitaja?

Mwanao

19 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Sasa sikiliza. Kiswahili kimekuzoeza kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa Kifaransa mzigo unatuliwa mwisho kabisa. Kata silabi kwa makofi: par-lons, mawili, fi-ni-ssez, matatu, na la mwisho lipige zaidi. Lakini parlent ni kofi moja tu. Ule mkia unaandikwa, hausemwi.

Bonge hajambo. Ananiita mama. Namkataza, anacheka. Usilie, soma.

Shangazi yako

6 Aprili

Shikamoo, shangazi. Nimelia kidogo, kisha nikasoma. Nakata vitenzi huku napiga pasi kule hotelini. Neno likifika mwisho, nakandamiza. Jana finissez imeunguza shuka la mgeni. Msimamizi akauliza kama mimi na shuka tuna ugomvi. Wenzangu walicheka, mimi nikalikunja haraka. Kanipa onyo tu. Lakini ulimi umenyooka, hata mwalimu kakubali. Mpime Bonge miguu, nimtafutie viatu vya safari.

Mwanao

2 Mei

Shangazi, shikamoo. Natumai nyie mna nafuu kuliko mimi. Nimefeli.

Usijilaumu. Vitenzi vyote nilivisoma, mzigo mwishoni, na mtahini akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka karatasi pembeni, akaniuliza kwa upole: “Mtoto wako saa hizi anafanya nini?”

Il dort, amelala. Il mange, anakula. Il joue, anacheza. Yote yalikuwa mdomoni. Ila sikujua lipi ni la kweli. Nilimtafuta akilini akiwa anakula, nikamwona wa mwaka juzi, hana hata jino. Nikanyamaza mpaka muda ukaisha.

Wameniruhusu kurudia mwezi wa tisa, na nitarudia. Nakuomba, shangazi, niandikie anaamkaje, chakula gani anakikataa, anacheza na nani, akilala anageukia upande gani. Andika kwa Kiswahili tu. Kifaransa chake nitakitafuta mwenyewe.

Mwanao, mama yake Bonge