Kisirani na Jino la Juu

Jumatatu, 9 Machi 1964
Nimefua nepi, nimeanika darini. Rukia analia fizi, usiku hakulala. Nami sikulala. Mavyaa, mamake mume wangu Saidi, alikuwa chini akipika vitumbua vyake vya kuuza. Havikuumuka. "Kisirani!" Mchana bomba likakauka. Kisirani. Jioni utambi wa jiko ukatoa moshi, hapo nikasema mwenyewe: kisirani. Nyumba hii neno hilo ni kama chumvi. Likishasemwa tunacheka, jambo limepita.

Jumatano, 11 Machi
Nimempitisha Rukia kidole kinywani. Jino. La juu. Chini hakuna kitu, laini kabisa. Nikamfunika mdomo kwa kiganja kama mwizi.

Mtoto anayeanza kuota la juu huitwa kigego. Mavyaa husema zamani vigego hawakulelewa. Kila baya la nyumba huwa lao. Mimi siamini. Lakini nikampapasa tena ufizi wa chini.

Nimemwambia mume wangu. Kasema, "Usimwambie mama." Basi. Akageukia ukutani.

Ijumaa, 20 Machi
Siku zote hizi nambeba mgongoni, uso kaulaza kwangu. Mavyaa akitaka kumlambisha asali, nasema kalala. Nimechoka kusema uongo.

Leo paka kapita dirishani, Rukia akacheka kinywa wazi. Mavyaa aliona. Hakupiga kelele. Alijiziba mdomo kwa leso, akasema, "Ndiyo maana." Hakusema maana ya nini. Vitumbua, bomba, vyote vya nyuma vimeshapata mwenyewe.

Jumapili, 12 Aprili
Gunia limemwangukia Saidi mguuni, kazini bandarini. Umevimba. Mavyaa hakumtazama yeye. Alimtazama mtoto. Kisha akanipa: "Mtukue kisirani wako, n'na kazi mie."

Nikamwambia, "Mama, ana jina. Rukia."

Akacheka. "Wakasirika nini? Namtania mjukuu wangu."

Bibi na mjukuu ni watani. Nitamshtaki kwa nani? Saidi kainamia mguu wake. Leo namchukia. Maji ya chumvi nimempashia vile vile, nikamkanda.

Alhamisi, 7 Mei
Sasa ni kila siku. Kisirani kala? Kisirani kaamka? Hata jirani kamwita hivyo, akambusu shavuni. Kwa mapenzi. Ningejua la kujibu tusi. Busu sijui.

Jumanne, 19 Mei
Mvua. Nepi hazikauki. Rukia ana meno mawili ya chini, hakuna aliyeuliza. Mimi neno lile nimeliacha. Utambi ukitoa moshi nanyamaza.

Asubuhi vitumbua viliungua. Mavyaa akapaza sauti jikoni, "Kisirani!" Hakuwa akimwita mtu.

Rukia akageuza kichwa upesi. Akatabasamu, akanyoosha mikono abebwe.

Nikamwita, Rukia. Nikamwita tena, polepole. Alikuwa bado anatazama mlango wa jikoni.