Nimepona, Ila Nyumbani Sijasema

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mke wangu hajajua. Mimi ni kinyozi, na mwaka jana nilipandikizwa ini, maana langu lilikuwa limekwisha kabisa, macho ya njano, tumbo kama ngoma, na aliyenikatia kipande cha lake ni dada yangu mdogo, mwalimu wa chekechea, ambaye baada ya miezi mitatu tu alikuwa amesharudi darasani kuimba na watoto. Mimi huu ni mwezi wa kumi na nne niko kwenye kochi.

Shida yenyewe ni hii: miezi sita iliyopita daktari alinipima akacheka, akaniambia, "Bwana, rudi kazini, tembea, ishi," nami nilipofika nyumbani mke wangu akauliza, "Daktari kasemaje?" nikajikuta nimeshika ubavu nasema, "Nipumzike kwanza." Ulimi uliteleza tu, mshauri! Tangu hapo chai naletewa nilipo, watoto wanatembea kwa kunyata, na mke wangu, baada ya kutwa nzima kaunta ya posta, anapandisha mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu peke yake huku mimi nampa pole nikiwa nimejilaza.

Juzi alirudi ghafla kuchukua miwani aliyoisahau, akanikuta nacheza muziki na ufagio, kiuno kinakwenda chenyewe. Nikajitupa kwenye kochi nikaguna. Akasema tu, "Pole, baba watoto," akazima redio akaondoka, na jioni akaniwekea rundo la nguo na pasi karibu na mto, sijui kwa nini. Kusema kweli starehe imenichosha, lakini nikiwaza kusimama saluni peke yangu, ini ligome mbele ya mteja, narudi kujilaza. Nimwambie nini?

Mgonjwa wa Kochi

JIBU: Pole kwa ugonjwa uliokwisha, na pole zaidi kwa uliobaki, ambao ni uongo.

Hujui kwa nini uliletewa pasi? Mkeo anajua, ndugu yangu! Anangoja useme mwenyewe, na wanawake wanaongoja kimya nawajua, nami ni mmoja wao: hatungoji sana.

Lakini maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara mbili. Huo si uvivu, ni hofu. Mtu aliyechungulia kaburi akarudishwa ana haki ya kuogopa, wala si aibu. Ila hofu haisemwi kwa kushika ubavu. Inasemwa kwa mdomo, kwa mkeo na kwa daktari wako.

Basi leo jioni, kabla hajavua viatu, mwambie: "Nilishapona, niliogopa." Usiongeze neno. Akifoka, nyamaza, ana miezi sita ya mitungi kifuani. Kisha mpigie dada yako. Usimshukuru tena, ameshashukuriwa vya kutosha. Muulize yeye aliwezaje siku ile ya kwanza darasani. Dawa usikose hata siku moja, wala siku za kupimwa.

Jumatatu fungua saluni, nusu siku. Mwenye kikohozi akanyolewe kwingine, maana dawa zako hushusha kinga. Na mteja wa kwanza mwonye mapema kwamba mkono wako haujashika mashine zaidi ya mwaka. Maskini, ana masikio mawili tu.